Mpaka wa Nguvu Zetu Uko Wapi? Tunayojifunza kwa Waendesha Baiskeli wa Masafa Marefu

 



Neno tunalolisikia kuliko yote darasani ni hili: "Maalim, siwezi." Huyu hawezi kuhifadhi ukurasa, yule hawezi kukaa saa mbili, mwengine hawezi kutembea kutoka kwao hadi chuoni jua likiwa kali. Wazee nao wamegawika mafungu mawili. Wapo wanaosema, "Mbane tu maalim, anaweza huyo," na wapo wanaosema, "Mwacheni, uwezo wake ndio huo." Ukiwauliza wote wawili wamejuaje, hawana jawabu. Na kwa hakika hata sisi walimu mara nyingi tunakisia tu. Hapo ndipo linapokuja suali letu: mtu atajuaje nguvu zake zinaishia wapi? Na ile sauti ya ndani inayomwambia "basi, nimefika mwisho", je, ni ya kusadikiwa?

Wapo watu walioligeuza suali hili kuwa ndiyo starehe yao. Hao ni wanaoendesha baiskeli masafa marefu, kilomita mia mbili, mia sita, elfu moja na zaidi, kwa miguu yao wenyewe. Wao na wataalamu wa mwili wanaowachunguza wamepata majibu ambayo baadhi yake yanakwenda kinyume na tunayowaambia watoto wetu kila siku. Tumeona tuyaeleze hapa kadiri tulivyoyafahamu.

Baiskeli si ngeni kwetu. Tumekua tukiiona Phoenix ikibeba majani ya ng'ombe, tenga la samaki, na watoto watatu wa skuli juu yake. Neno boda boda, ambalo leo ni la pikipiki, lilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia. Kule Burundi wapo vijana wanaoteremka milima kutoka Bugarama hadi Bujumbura na mikungu ya ndizi imefungwa nyuma hata humuoni mwenye baiskeli. Hao wanaijua miili yao kuliko mtaalamu yeyote, ila hakuna aliyekaa nao akawapima. Waliopimwa na kuandikwa ni wale wa nchi nyengine, na mfano ulio maarufu zaidi uko Ufaransa.

Mwaka 1891 mhariri wa gazeti la Le Petit Journal, Pierre Giffard, aliandaa mashindano ya kwenda kutoka Paris hadi mji wa Brest, ulio mwisho wa nchi upande wa bahari ya magharibi, na kurudi Paris. Masafa yake ni kilomita 1,200 hivi. Watu wengi wakati huo waliona ni wazimu, kwani baiskeli yenyewe ilikuwa chombo kipya na barabara zilikuwa za vumbi na mawe. Wakatoka waendeshaji zaidi ya 200. Charles Terront alifika wa kwanza baada ya saa 71 na dakika 22, na mshindani wake mkubwa, Jiel-Laval, alipitwa njiani akiwa amelala. Takriban nusu tu ya waliotoka ndio waliomaliza.

Mashindano yenyewe yalikufa baada ya mwaka 1951, lakini safari haikufa. Mpaka hivi leo huandaliwa kila baada ya miaka minne na klabu ya Audax Club Parisien, na mwaka 2019 na 2023 walitoka zaidi ya watu 6,000 kila mara, kutoka nchi nyingi za dunia, wanaume kwa wanawake, wengi wao ni watu wa kawaida wenye kazi na familia. Hapati mtu kombe. Kila mmoja hupewa kadi, na kila afikapo kituoni hugongewa mhuri. Sharti ni kumaliza kilomita zote 1,200 ndani ya saa 90, yaani siku tatu na robo tatu, usiku na mchana, kula na kulala kwako kukiwa humo humo.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hesabu hapa ina faida. Kilomita 1,200 kwa saa 90 ni wastani wa kilomita 13 na kitu kwa saa. Muuza mikate wa mtaani kwetu huenda mwendo huo kila asubuhi. Wala njiani hakuna mlima wa kutisha, sehemu iliyo juu kabisa haifiki mita 400 kutoka usawa wa bahari. Ila vilima vidogo vidogo havishi, na ukivijumlisha vyote mtu huwa amepanda zaidi ya mita 10,000, wakati Kilimanjaro nzima ni mita 5,895. Kwa hiyo ugumu wa safari hii hauko katika kasi wala katika mlima mmoja mkubwa. Uko katika kule kuendelea.

Jambo lililotuvutia zaidi ni utaratibu wa kuingia. Huwezi kuamka siku moja ukasema nakwenda Brest. Mwaka huo huo lazima kwanza umalize safari ya kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, kisha ya 300 ndani ya saa 20, kisha 400 ndani ya saa 27, kisha 600 ndani ya saa 40. Kila moja inamfunza mtu kitu ambacho iliyotangulia haikuweza kumfunza. Kwenye 200 hujifunza kula. Kwenye 300 aghalabu hukutwa na giza, akajua kama taa yake na macho yake vinafaa. Kwenye 400 hupita usiku. Na kwenye 600 hulazimika kupanda tena baiskeli asubuhi ya pili akiwa na maumivu ya jana. Tena vituo vina saa ya kufunguliwa kama vilivyo na saa ya kufungwa. Ukienda mbio kupita kiasi utakuta hakuna wa kukugongea mhuri, itabidi usubiri. Sisi tunaosomesha tuliliona hili tukacheka, kwani tunao wanafunzi wanaotaka kuingia Juzuu Tabaarak na hali Juzuu Amma bado inawakimbia.

Mpaka unaopiga kelele

Basi tuje kwenye ile sauti ya "siwezi". Zamani wataalamu walikuwa wakiufahamu mwili kama mashine: misuli ikikosa hewa au ikijaa uchafu wa kazi, husimama. Hivyo mtu anaposema siwezi, ni misuli inayosema. Jambo hili linaonekana wazi mpaka likapimwa.

Mwaka 2010 watafiti wawili, Samuele Marcora na Walter Staiano, walichapisha matokeo ya jaribio la namna hii. Walichukua vijana kumi wachezaji wa raga, wenye afya na nguvu, wakawapandisha kwenye baiskeli ya kupimia. Waliwataka wakanyage kwa nguvu ya wati 242 hivi mpaka washindwe kabisa. Walishindwa baada ya dakika kumi hivi, na kila mmoja kwa ukweli wa nafsi yake aliona amekwisha. Hapo hapo, bila ya kupumzika, wakaambiwa wakanyage kwa nguvu zote kwa sekunde tano tu. Wakatoa wastani wa wati 731. Yaani mtu aliyesema hawezi tena 242 alitoa mara tatu yake papo hapo! Misuli ilikuwa nayo. Kilichokuwa kimekwisha ni ile hali ya moyo kukubali kuendelea na taabu ambayo haijulikani itaisha lini. Sekunde tano zinajulikana mwisho wake, kwa hiyo nafsi ilikubali.

Jaribio jengine, la mwaka 2004, ni la ajabu zaidi. Waendesha baiskeli tisa walipewa mazoezi ya saa moja kwa kasi, na kila baada ya muda wakisukutua kinywa kisha wakitema. Siku moja walisukutua maji matupu, siku nyengine maji yenye wanga usio na ladha ya utamu wa wazi. Siku ya wanga waliwahi kumaliza kwa karibu asilimia 3, na hali hakuna hata tone lililoingia tumboni. Kinywa kilionja, ubongo ukapata habari kuwa chakula kiko njiani, ukalegeza breki. (Mwenye saumu asije akaichukua habari hii kuwa ni ruhusa ya kusukutua sharubati! Aje kwanza tusome naye mlango wa saumu.)

Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini ndiye aliyeeneza rai kwamba ubongo ni kama mshika hazina mwenye hofu, huanza kusema "pesa zimekwisha" na hali sandukuni bado mna akiba, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha sanduku halikauki. Wenziwe wengine wanampinga katika namna anavyolieleza jambo hili, na ubishi wao haujaisha. Lakini katika hili moja wengi wanakubaliana: uchovu tunaouhisi ni onyo zaidi kuliko kipimo, na huja mapema.

Hii ndiyo tunayoiita sisi mipaka inayopiga kelele. Mapaja yanawaka, pumzi inapanda, jua linauma, nafsi inalalamika. Kelele hizo ni nyingi na kwa kawaida hutangulia sana mbele ya hatari yenyewe. Waendeshaji wazoefu husema vipindi vya namna hii huja na kupita mara nyingi katika safari moja. Mtu hupunguza mwendo, hula kitu, hutazama hadi mti ule au nguzo ile tu, na baada ya nusu saa hujikuta anazungumza na mwenziwe kama kwamba hakuna kilichotokea. Wazee wanaosema "mbane, anaweza" wana haki yao hapa.

Mafuta ya chombo

Upo mpaka wa pili ambao si wa hofu, ni wa kweli, nao ni chakula. Mwili huweka sukari yake katika ini na misuli kwa namna inayoitwa glaikojeni. Akiba hiyo kwa mtu mzima ni kiasi cha nusu kilo au chini yake, inatosha kwa saa chache tu za kazi nzito. Mafuta ya mwili ni mengi zaidi na yanaweza kumchukua mtu siku nyingi, lakini huungua polepole, hayatoi nguvu ya haraka. Sukari ikimalizika, ubongo, ambao unaitegemea sana, huanza kuyumba. Mtu hutoka jasho la baridi, mikono hutetemeka, huwa mkali bila sababu, au hunyamaza.

Tuliliona hili kwa macho yetu tulipofuatana na baadhi ya wanafunzi wakubwa kwa baiskeli kutoka Mjini kwenda Nungwi, karibu kilomita 60 kwenda peke yake. Kijana mmoja, hodari wa mpira, ndiye aliyekuwa mbele muda wote akituchekesha. Tulipokaribia Kinyasini akanyamaza. Mwenziwe alipomuuliza, akajibu kwa hasira kwamba yeye anarudi nyumbani, na safari yenyewe haina maana. Kumbe alikuwa hakula tangu usiku. Tukamkalisha chini ya mwembe, tukampa tende na ndizi mbili na chupa ya maji yenye chumvi kidogo na sukari. Haikupita dakika ishirini, akaomba radhi mwenyewe, akapanda. Nungwi alikula samaki wa watu wawili.

Kwa anayetaka hesabu, mtu mzima anayeendesha kwa masaa mengi hushauriwa apate gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa, na aanze kula kabla njaa haijamshika. Ndizi moja ya wastani ina gramu 27 hivi. Gramu 100 za tende zina gramu zaidi ya 70. Hakuna haja ya vile vinywaji vya rangi vinavyouzwa ghali madukani.

Mipaka iliyo kimya

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo kwa rai yetu ndiyo yenye uzito. Tumesema mipaka inayopiga kelele huja mapema. Ipo mingine haipigi kelele hata kidogo, na hiyo ndiyo inayoua.

Wa kwanza ni usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokaa macho. Waliona kwamba mtu aliyekaa saa 17 bila kulala, mkono wake na jicho lake hufanya kazi kama za mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu dereva kushika gari nacho. Akifika saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Mwislamu ambaye hajapatapo kuonja tone la ulevi anaweza kuwa barabarani na akili ya mlevi! Na lililo baya zaidi ni kuwa mwenyewe hujiona yuko sawa. Kile chombo cha kupimia ndicho kilichoharibika. Usiku wa tatu wa safari ya Brest, waendeshaji wengi huona visivyokuwepo, wanyama barabarani, nyumba, watu wamesimama kumbe ni miti. Wengine hufumba macho kwa sekunde mbili tatu wakiwa juu ya baiskeli bila ya kujijua. Wenye busara hulala chini palipo salama hata robo saa tu. Ukipita vijijini kule Brittany utawakuta wamejifunika plastiki kando ya njia, na wenyeji wamewawekea meza za kahawa na maji nje ya nyumba zao, usiku wa manane, bila ya malipo. Ukarimu huo umetufurahisha sana kuusoma.

Tuwatajie na Jure Robič, askari wa Slovenia, aliyeshinda mara tano mashindano ya kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, ambayo huchukua zaidi ya siku nane kwa kulala kidogo mno. Wengi humtaja kuwa mtu aliyefika mbali kuliko wote katika jambo hili. Naye alikuwa akifika pahala akashuka kwenye baiskeli kutaka kupigana na masanduku ya barua ya kando ya njia, akidhani ni maadui. Timu yake ilikuwa na utaratibu: baada ya siku ya kwanza au ya pili, maamuzi si yake tena. Wao ndio waliokuwa wakiamua ale lini, alale lini, aendelee au asimame. Bingwa wa dunia katika ustahamilivu hakuaminiwa kuamua juu ya mwili wake mwenyewe! Alifariki mwaka 2010 kwa kugongana na gari akiwa mazoezini.

Wa pili ni maji, na hapa tunaomba wazee wasikilize vizuri. Sote tunajua kukosa maji ni hatari. Wachache wanajua kwamba kunywa maji matupu kupita kiasi katika mazoezi marefu nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa, ubongo ukavimba. Katika mbio za Boston mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 walipomaliza, na 13 katika kila 100 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na mtu asiyejua humpa mgonjwa maji zaidi. Unywe ukiwa na kiu, na upate chumvi katika chakula chako.

Wa tatu ni joto la nchi kama zetu. Mtu anayetoka jasho na kulalamika bado yuko upande wa kelele. Anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, akipepesuka na ngozi ikichemka, amevuka. Huyo haulizwi kama anaweza kuendelea. Hutiwa kivulini, humwagiwa maji mwili mzima na kupepewa, na hupelekwa hospitali mara moja.

Kuna na mipaka midogo midogo, mishipa ya viganja kufa ganzi kwa kuegemea usukani hata mtu akashindwa kufunga vifungo vya kanzu, magoti, mchubuko wa makalio. Hiyo kila aliyewahi kupanda baiskeli ya keria anaijua, hatuna haja ya kuirefusha.

Ni nani wa kuamua?

Ukiyakusanya haya utaona tatizo lilivyo. Wakati nafsi inapopiga kelele, mara nyingi bado kuna nguvu. Wakati hatari inapofika kweli, nafsi huwa imenyamaza, au inasema "mimi sina neno, twendeni". Basi mtu akitegemea anavyojisikia saa ile ile tu, atasimama pasipo haja na ataendelea pasipo salama. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu huweka masharti yao nyumbani, akili ikiwa timamu, na huyaandika: nikikaa macho saa kadhaa nitalala hata kama sina usingizi, saa kila moja nitakula hata kama sina njaa, nikiyumba mara mbili nitashuka, mwenzangu akiniambia shuka sitabishana naye.

Wanafunzi wetu wa fiqhi hawatashangazwa na jambo hili. Mmesoma kwamba kupunguza Sala kwa msafiri kumefungamanishwa na safari yenyewe, siyo na kuchoka. Anayesafiri marhala mbili akiwa amekaa juu ya kiti laini anaruhusiwa, na anayebeba mawe siku nzima kijijini kwao haruhusiwi, japokuwa ndiye aliyechoka zaidi. Wanachuoni wametueleza kuwa taabu ni kitu kisicho na kipimo, kila mtu ana yake, lakini safari ina mpaka unaojulikana. Ruhusa imewekwa kabla, haikungoja mtu aanguke. Na mmesoma pia habari ya sahaba Abdullah bin Amr (R.A.), kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, hadi Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake. Alipokuwa mzee alitamani lau angelichukua ile nafuu.

Na kusimama si aibu. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Safari ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267 na nusu, na vilima vya Kigali mnavisikia. Walitoka zaidi ya 160, wengi wao ni watu ambao kazi yao ni hiyo hiyo, wakamaliza 30 tu. Kule Ufaransa nako, mwaka 2007 mvua na baridi vilipowaandama njia nzima, karibu watatu katika kila kumi hawakufika. Wengi wa hao hupanda treni kurudi, wakalala, na baada ya miaka minne ukawakuta tena wanaomba kadi.

Haya yanatuhusu hata tusipopanda baiskeli. Kila mwaka tunapokaribia mtihani tunawaona wanafunzi waliokesha usiku kucha juu ya kitabu, na wazee wao wakijisifu. Kwa hesabu ya hapo juu, mtoto huyo ameingia chumba cha mtihani na akili ya aliyelewa. Kwa upande mwengine, yuko yule anayefunga msahafu baada ya mistari mitatu kwa kuwa "kichwa kimejaa", naye kichwa chake bado kina nafasi tele. Wa kwanza hakulalamika, na wa pili amelalamika sana. Tunaomba wazee mtusaidie kuwatafautisha.

Kwa vijana wanaotaka kuijaribu baiskeli yenyewe, anzeni na masafa mnayoyamudu bila ya kuugua kesho yake, muongeze kidogo kidogo, na kati yake mpumzike, kwani misuli hujengeka wakati wa mapumziko. Kiti kiwekwe juu kiasi ambacho kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Breki zote mbili zishike. Shikeni upande wenu wa kushoto, msishikamane na gari hata kama mnaona wengine wanafanya. Usiku bila ya taa mbele na nyuma msitoke. Msiende mmoja mmoja.

Wanaotaka kufuatana nasi baada ya mitihani, safari ya kwanza itakuwa fupi, kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Waje na barua ya mzazi, kofia ngumu, chupa mbili za maji, tende za kutosha, na karatasi yenye masharti matatu waliyojiwekea wenyewe, yaliyosainiwa na mwenzao mmoja. Karatasi hiyo tutaikusanya kabla ya kutoka.

Wabillahi ttawfiiq.